Mwenzake Sikitu

Alhamisi ya tarehe kumi na tisa Juni, mwanangu Sikitu alirudi kutoka shule na mkono ulioungua, akaingia kwenye kinu cha alizeti ninakofanya kazi, akapiga goti kidogo kama tulivyomfundisha, akasema, "Shikamoo baba. Za kazi?"

Nikaitikia marahaba bila kumtazama. Nilikuwa nakwangua mashudu kwenye kikamulio, na mkokoteni usio na dereva umeshafika mlangoni unanipigia honi niupakie. Mikokoteni ile haijui kumsubiri mtu. Walioitengeneza hawakuona sababu. Nikamsikia Sikitu ananiuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Akasema vizuri baba, acha nikawashe moto nyumbani. Hapo upepo ukageuka, nikasikia harufu ambayo haikuwa ya mafuta wala ya mashudu.

Shati lake asubuhi lilikuwa jeupe. Sasa mkono wa kushoto, kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kiganja, ulikuwa umegandana na uji uliokauka, na chini ya uji kitambaa kimenata kwenye nyama. Nikamshika bega nikamuuliza imekuwaje. Akanitazama kwa macho yake mazuri, akatabasamu.

"Sijambo baba. Naendelea vizuri."

Nyuma ya sikio lake taa ndogo ya kishikizo ilikuwa inawaka kijani. Nikajua siongei na mwanangu.

Nikamvuta mpaka kwenye bomba la uani, nikaufungulia maji ule mkono, na yeye amesimama tu, ananiambia ahsante baba, maji ni mazuri. Akina mama waliokuja kukamua alizeti zao wakasogea. Mmoja akashauri apakwe mafuta, si yapo hapa hapa ya kumwaga. Nikamwambia akae kimya. Tukakaa vile muda mrefu, maji yanatiririka, mkokoteni unapiga honi. Halafu taa ikageuka njano, ikazimika. Sikitu akapepesa macho kama mtu aliyeingizwa kwa nguvu kwenye chumba asichokijua. Akautazama mkono wake.

Sijawahi kumsikia analia vile, hata siku tuliyomzika mama yake. Kilio cha tangu asubuhi kilikuwa kimezuiliwa mahali, kikafunguliwa chote mara moja.

*

Wasiojua niwaeleze. Sikitu ana kifafa tangu utotoni, na sasa yuko darasa la saba. Watu wanaogopa ile kuanguka, wanakimbia, wengine wanaogopa hata mate yake. Mzazi haogopi sana kuanguka, kunapita upesi. Kazi iko baadaye, mtoto akishatulia.

Mama yake, marehemu Veneranda, alikuwa na namna yake. Anamlaza ubavu, anamkunjia kanga chini ya kichwa, anafukuza watu, anafunga dirisha. Kisha anakaa pembeni anachambua mchele. Alisema mtoto anarudi kwa miguu kutoka mbali, ukimwita-mwita unamchanganya njia. Sikitu analala anakoroma kama mtu mzima. Akiamka anakutazama na hakujui. Ulimi ameuma, nguo zimelowa, mkono mmoja haumtii. Kijiko anakiona ila jina lake halipati, anasema "kile cha kulia." Kichwa kinamgonga mpaka jioni, na ukimsemesha vibaya anakutupia kikombe. Kesho yake bado ni mzito, hesabu aliyoijua juzi leo haijui, na ana aibu kwa mambo ambayo hakuyaona yakitokea ila ameyasoma kwenye nyuso za wenzake.

Shuleni wakati ule palikuwa na chumba chenye mkeka. Alikuwa akianguka zaidi asubuhi, na hesabu kwao ni baada ya uji. Sehemu zote za darasa la nne, nusu na robo na theluthi, zilifundishwa yeye yuko mkekani. Akaitwa mjinga. Mtoto aliyekuwa amelala.

Veneranda akafa kwa presha kwenye benchi la zahanati, wiki ambayo wakubwa walimchukua daktari wetu wakampeleka kwenye maonyesho akasimame karibu na mashine mpya. Mtaniambia nina uchungu. Ninao.

Halafu wakaja watu wa Mamlaka ya Mahudhurio. Hawa ndio wanaopima shule. Shule inapewa chakula kulingana na watoto waliokaa kwenye madawati, na madawati yenyewe yanajua kama yamekaliwa. Mtoto aliyelala mkekani, kwa hesabu yao, ni mtoro. Walimu wakaanza kuwakwepa watoto wa kifafa. Ndipo wakaleta kishikizo: kidude kama ganda la karanga, kinanaswa nyuma ya sikio, bure, na wimbo kwenye redio. Mtoto akianguka, kinangoja dhoruba ya kichwani ipite, kisha kinamshika. Anasimama, anajipangusa, anarudi darasani. Anaandika. Akiulizwa anajibu. Saa zote ambazo angekuwa amelala yuko kwenye dawati, mgongo wima. Taa ikizimika anakuwa yeye mwenyewe, amepumzika, ila zile saa hazikumbuki hata kidogo.

Mimi nilifurahi, nani asingefurahi? Sikitu akajua theluthi. Chumba cha mkeka wakakijaza mbolea.

Yeye mwenyewe hakukiita kishikizo. Anayebaki na mwili wake zile saa alimwita mwenzangu. Akirudi nyumbani anafungua daftari kuona mwenzake kaandika nini. "Mwenzangu ana mwandiko mzuri, baba," aliniambia, kama anamsifu dada yake.

*

Zahanati wakamfunga mkono. Nesi akasema kovu litabaki, vidole vitapona. Kesho yake nikaenda shule, na Mwalimu Msengi, mwalimu mkuu, alikuwa ameshamwita fundi wa vishikizo wa wilaya, binti mmoja mwembamba anaitwa Hilaria, mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye.

Mwalimu Msengi akaeleza mengi. Kifupi ni kwamba Sikitu alianguka kwenye foleni ya uji, kishikizo kikamsimamisha, na kwa kuwa ilikuwa zamu yake kugawa, akashika upawa. Sufuria likapinduka likamwagika kwenye mkono wake. Mwalimu wa zamu akamuuliza kama ameumia, akajibu hajambo, anaendelea vizuri. Akaenda darasani. Akakaa vipindi vyote vilivyobaki. Akatoka akatembea mpaka kwenye kinu.

"Mwalimu wa zamu hana macho?" nikauliza.

"Mzee Kitundu, mtoto anakutazama usoni anacheka."

Hilaria alikuwa amekiunganisha kishikizo na kioo chake, anatazama mistari. Nilimwambia mimi niliishia darasa la nne, anieleze kama anavyomweleza bibi yake. Hakuona shida. Akasema baada ya kuanguka, akili ya mtoto inazima ili ijitengeneze, na hilo kishikizo hakilizuii, hakuna anayeweza. Kinachofanya ni kutafuta njia zilizokwisha kukanyagwa. Kutembea ni njia, kuandika ni njia, kusalimia ni njia. Kinamsukuma mtoto apite humo, kama unavyosukuma pikipiki iliyozima kwenye mteremko. Inakwenda, ila injini haijawaka.

Nikamuuliza na kusema inauma, hiyo si njia? Hata mbuzi anaijua.

Akamtazama Mwalimu Msengi, Mwalimu akatazama meza.

"Ilitakiwa iwemo, baba," Hilaria akasema. "Tulirekodi watoto wenyewe ili kishikizo kijifunze mtoto wa kawaida anakuwaje. Tulikaa nao siku nzima shule kwa shule. Katika watoto wote hakuna hata mmoja aliyelalamika. Hakuna aliyelia, hakuna aliyesema ana njaa. Kwa hiyo kikajifunza kwamba mtoto mzima ndivyo alivyo."

Niliikumbuka siku hiyo. Ilikuwa siku ya wageni. Nani hajui siku ya wageni inavyokuwa? Wiki nzima watoto wanafagia, wanapaka mawe chokaa, wanafundishwa kuitikia kwa pamoja hatujambo, tunaendelea vizuri, karibuni sana. Mwenye jino linamuuma anaambiwa ameze mate. Anayeguna anaaibisha shule. Mwana wa jirani yangu mmoja alijikunyata na tumbo la kuhara mpaka magari yalipoondoka. Na kila shule nchini ilifanya hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo tunavyopokea wageni, na wageni nao walitoka kwenye shule kama hizo hizo, wangetakiwa kujua. Wakaandika adabu, wakaiita afya. Wakaifunga nyuma ya masikio ya watoto.

"Kwa hiyo mwanangu akianguka," nikasema, "anakuwa siku ya wageni mpaka taa izime."

Hilaria akasema ndiyo, kwa namna hiyo, ndiyo. Ameshaandika makao makuu si mara moja. Wamemjibu marekebisho yatakuja mwaka ujao, kwa vishikizo vyote pamoja.

"Mpaka mwaka ujao aungue wapi tena?"

 Nilimchukulia yule binti kuwa mtu mzuri, na bado nilitamani kumtupia mkoba wake dirishani. Mwalimu Msengi akanikumbusha taratibu. Mzazi ana haki ya kukivua, ila kikivuliwa siku tatu Mamlaka inapata taarifa na mtoto anaondolewa kwenye orodha ya darasa. Na mtihani wa darasa la saba ni Septemba. Mwenye kifafa asiye na kishikizo haingizwi chumba cha mtihani, asije akaanguka akawasumbua wenzake.

Nilikivua jioni hiyo hiyo. Sikitu alikipokea. Alikipangusa na upindo wa gauni, akakiweka kwenye kikombe kabatini, akakifunika na sahani.

*

Jumapili akaanguka uani, anaanika nguo kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimesahau. Ni kweli kabisa, miaka mitatu ya kishikizo ilinisahaulisha. Nilimlaza ubavu, nikatafuta cha kuweka chini ya kichwa nikapata gunia. Nikafukuza kuku na watu. Nikakaa. Mchele wa kuchambua sikuwa nao, nikakaa na mikono yangu.

Alilala mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia. Akaamka akajaribu kuinuka, mguu mmoja ukakataa. Akanishika kola ya shati akanitazama karibu kabisa, kama anasoma kibao cha njiani kwa lugha asiyoijua. Nikakumbuka nisimwite. Akataka "ile ya baridi," nikampa maji, akayamwaga, akalia kwamba nimeyamwaga mimi. Akasema nimtoe mtu anayempiga nyundo kichwani. Nikamwambia nitamtoa.

Halafu akageukageuka, akasema kwa sauti yake ya utoto, "Mama ameenda wapi?"

Hili sikulitegemea. Nikasema ametoka. Akauliza anarudi saa ngapi. Nikasema lala kwanza. Akauliza tena, na tena, anaanza kuogopa, anajaribu kutambaa kwenda mlangoni. Nikaona kumdanganya ni kumwacha aendelee kutafuta. Nikamwambia mama yako alifariki, mwanangu, tulimzika pamoja, wewe ulitupia udongo.

Akakipokea kilio kama ndiyo kwanza anaambiwa. Na mimi nikalia kama ndiyo kwanza ninasema.

Kulipokucha alikuwa yeye, amechoka, anaona haya, anauliza amefanya nini na amesema nini. Nikamwambia amelala tu. Akafungua daftari la hesabu akalitazama muda, akalifunga. Mchana ndipo akaanza kuongea kama kawaida, akanitania kwamba uji wangu unafaa kuzibia nyufa. Siku mbili zimeliwa kwa ajili ya dakika mbili. Nikahesabu Septemba ilivyo karibu nikajua kwa nini watu wanavaa vishikizo na hawaulizi kitu.

*

Rafiki yake Mwajabu, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuja kumletea kazi za darasa. Ni mtoto wa maneno mengi, akimaliza ya kwake anasema ya wengine. Nilikuwa nachonga mpini wa jembe pale nje, nikamsikia anamweleza Sikitu habari za Alhamisi. Kwamba walirudi wote njia moja. Kwamba Sikitu alimsalimia kila mtu, mpaka mzee mmoja kipofu asiyesalimiwa na watoto akamsifu. Kwamba kule karibu na mitambo ya upepo Mwajabu alimwona machozi yanamtoka, yanashuka mpaka kidevuni, na uso umetulia tu unatabasamu. Akamuuliza unalia nini. Akajibiwa, "Si kitu, ni vumbi. Nyumbani hawajambo?"

"Nikajua ni mwenzako," Mwajabu akasema, "kwa sababu wewe ungenitukana."

Walicheka. Mimi sikucheka. Niliacha kuchonga.

Jumatatu iliyofuata Hilaria akaja mwenyewe nyumbani, bila gari la ofisi, viatu vimejaa vumbi. Alikuja kunieleza kwamba jina la Sikitu linaondolewa Ijumaa. Akasema kama nitakirudisha, yeye atamwomba Mwalimu Msengi Sikitu asipangwe zamu ya uji, na mwalimu wa darasa atakuwa anamkagua mwili kila taa ikiwaka. Hicho ndicho anachoweza. Nikamweleza habari ya machozi. Akaweka chini kikombe cha chai.

Aliniuliza Mwajabu alisema machozi ya upande mmoja au ya macho yote mawili. Nikasema ya yote mawili. Akasema machozi hayamo. Hawakurekodi machozi, kishikizo hakina njia ya kupita huko, na akili ya mtoto saa hizo imezima, haiwezi kulia.  Nilimuuliza basi ni nani aliyelia. Akasema ataandika makao makuu. Nikamwambia makao makuu wakijua kulia watujulishe.

Sikitu alikuwa mlangoni na sinia la mboga, amesikia yote. Hilaria alipoondoka, akaenda kabatini akaja na kikombe. Akakaa kwenye kigoda mbele yangu, akakitoa kishikizo, akakiweka kwenye kiganja cha ule mkono wenye bandeji.

"Baba, mtihani nautaka."

"Najua."

"Nisipoufanya, nitaosha mashudu kwenye kinu chako."

Nikamwambia mashudu hayaoshwi. Akatabasamu, lakini tabasamu lake mwenyewe, la upande mmoja. Nikamuuliza, na akianguka siku ya mtihani? Akasema ataandika mwenzake, na mwenzake hakosei theluthi. Nikamuuliza, na akiungua tena? Akichomwa na msumari, akiumwa na nyoka, akifanyiwa ubaya na mtu, amesimama anasema hajambo? Nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka. Nilikuwa namgombeza yeye maneno ya wakubwa, kwa kuwa wakubwa hawapo karibu.

Hakukasirika. Alikuwa anakigeuza kile kidude kwa kidole gumba.

"Mimi sikuumia njiani," akasema. "Nilianza kuumia pale bombani. Aliyeumia njia nzima ni yeye. Akalia, halafu akamwambia Mwajabu ni vumbi ili asimsumbue."

"Hicho ni kidude, Sikitu."

"Dada Hilaria kasema kidude hakijafundishwa kulia."

 Nikamwambia basi, kama ni hivyo tusikivae, tusimtese mtu tusiyemjua, akapumzike. Mtihani tutaona. Nilidhani nimepata neno la baba mwenye busara, na mkono wangu ulishanyooka kukichukua.

Sikitu akakifumba kiganjani.

"Mimi nikilala mkekani, ninarudi," akasema. "Yeye tukimvua, anakwenda wapi?"